Mkono, Ulimi na Bamba: Majina ya Kinachoshikwa Mlangoni

Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, Kariakoo kwa mfano, useme unataka kile kinachoshikwa na kushushwa ili mlango wa chumba ufunguke. Muuzaji atakuuliza, "Kitasa?" Ukijibu ndiyo, atakuwekea mezani boksi zima: kasha la chuma la kuzamishwa ndani ya mbao, mikono miwili, mabamba mawili, funguo zilizofungwa pamoja kwa waya, na kifuko cha skrubu. Ukijibu hapana, kitasa changu ni kizima, kilichovunjika ni hiki cha kushika tu, mazungumzo yatahamia kwenye ishara. Mtakunja ngumi hewani, mtazungusha viganja, na mwishowe mmoja wenu atasema "kile cha hivi."

Kubadilisha kifaa hicho mwenyewe, bila kuita fundi, ni kazi nyepesi. Inataka bisibisi, rula na subira kidogo. Vitu vinavyohusika havizidi kumi, na karibu vyote vinaonekana kwa macho. Majina yake ndiyo magumu, na ugumu huo una gharama: anayeshindwa kutaja sehemu moja hulazimika kununua zote.

Tuanze na kitasa chenyewe, neno lililomeza majirani zake. Maana yake ya msingi ni kifaa cha kufungia kilichokaa palepale mlangoni au kwenye kabati, tofauti na kufuli, ambalo huning'inia na linaweza kuhamishwa. Mpaka huo bado uko wazi, na hakuna anayesema kitasa akimaanisha kufuli. Lakini upande wa pili wa neno hauna ukuta. Mtu akikuambia "kitasa cha chumbani kimeharibika," huwezi kujua kama ufunguo umekatikia ndani, ulimi umegoma kutoka, au mkono umelegea tu unaning'inia. Neno limenenepa mpaka likatoka mlangoni: magazeti ya michezo ya Tanzania humwita beki wa kati aliye imara kitasa, na msomaji anaelewa kwamba hapo hapapitiki. Istiari imekaa vizuri, ila inaonyesha vilevile kwamba masikioni mwetu kitasa ni kuzuia. Sehemu ile inayoruhusu kupita, inayoguswa mara nyingi kwa siku kuliko ufunguo, imebaki chini ya jina la mzuiaji.

Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya vishikwa. Kinayo, tena kimeyagawa kwa makini. Jembe, shoka na kisu vina mpini: kitu kimechomekwa, na nguvu ya mkono inapita humo hadi kwenye makali. Ndoo ina utambo, ule upinde wa waya au chuma unaolala pembeni na kuinuka ukibebwa. Gari lina usukani. Kikombe kina mkono, kiti kina mikono. Juu ya hayo yote kuna kishikio, neno pana lisilokosea kwa sababu halichagui. Ukisema mpini wa ndoo utaeleweka, lakini mtu mzima atakurekebisha. Utambo wa kisu utachekwa.

Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa wa Austria, alilijua jambo hili kwa njia mbili. Kati ya 1926 na 1928 alishiriki kumjengea dada yake nyumba mjini Vienna, na vishikio vya milango ya nyumba hiyo alivibuni mwenyewe, vyembamba, bila urembo, bila hata bamba la nyuma. Kisha katika kitabu chake cha falsafa ya lugha kilichochapishwa 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, alifananisha maneno na vishikio ndani ya chumba cha dereva wa treni: ukivitazama vinafanana, kwa kuwa vyote vimetengenezwa vishikwe, kumbe kimoja husogezwa kidogokidogo, kingine kina hali mbili tu, kuzima na kuwasha, na kingine hupigwa pampu. Kwa mwenye Kiswahili mfano huo una ladha ya pekee, kwa sababu lugha yetu imekataa kuviona vinafanana. Mpini, utambo na usukani haviwezi kukaa chini ya jina moja bila ugomvi.

Basi kwa nini kishikio cha mlango hakikupata jina lake?

Nadhani jibu liko kwenye milango ya zamani. Tazama mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe Unguja au wa Lamu. Istilahi zake zimejaa: kizingiti, miimo, mfaa ule mchi wa katikati unaoficha mahali mbao mbili zinapokutana, bawaba, tumbuu inayopokea mnyororo, na kwa ndani komeo au kia. Kila kitu kina jina, na kila jina linajibu swali moja: mlango unafungwaje? Hakuna mkono wa kushusha. Anayetoka nje husukuma au huvuta pete; anayetaka kuingia hasukumi chochote, anapiga hodi na kungoja. Ndani ya nyumba, kati ya chumba na chumba, mara nyingi palikuwa na pazia, na pazia halihitaji kishikio. Nyumba nyingi za Pwani mpaka leo, hata zenye milango ya vyumba, huacha mlango wazi mchana kutwa na kuliachia pazia kazi ya staha. Hodi ndiyo iliyofanya kazi ya mkono wa mlango kwa karne nyingi, na hodi ni neno, haishiki kutu.

Mkono wa kushusha ulikuja na nyumba za aina nyingine, zenye korido na vyumba vinavyojifunga vyenyewe kwa ulimi wa springi. Ulikuja na vitasa vya viwandani, vikiwemo vile vya Union ambavyo jina lake lilikwisha kuwa karibu sawa na kitasa bora kwa mafundi wetu. Hivyo vilitoka Willenhall, mji mdogo wa Uingereza ambao watu wake waliishi kwa kutengeneza vitasa. Kitu kilifika kikiwa kimefungashwa pamoja na kitasa, ndani ya boksi moja, na jina la boksi likawa jina la vyote. Nairobi wengi waliliacha neno la Kiingereza lilivyo. Dar es Salaam ilisema kitasa, ikaendelea na safari.

Sasa shika bisibisi tuone kazi yenyewe, maana ni hapo ambapo lugha hubadilika sura.

Acha mlango wazi. Kazi yote ifanyike ukiwa wazi. Chomoa ufunguo. Kama mikono yako imekaa juu ya mabamba marefu, utaona skrubu juu na chini ya kila bamba. Zifungue, na mkono mmoja ukiwa umeshika bamba la upande wa pili lisidondoke. Kama ni ile ya kisasa yenye pete ya duara badala ya bamba, hutaona skrubu yoyote. Inama uangalie chini ya shingo ya mkono, utakuta kitundu, na ndani yake skrubu ndogo isiyo na kichwa inayofunguliwa kwa kile kichuma cha pembe sita kilichopindwa kama herufi L, ambacho mafundi hukiita alenki. Ilegeze, usiitoe yote, itapotea. Chopoa mkono, bandua pete, na chini yake ndipo skrubu zilipojificha.

Mikono ikishatoka, kitabaki kipande cha chuma cha pembe nne kilichopita katikati ya mlango kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hiki ndicho kinachofanya kazi: ukishusha mkono, chuma kinazungusha tundu la pembe nne ndani ya kitasa, tundu linavuta ulimi, mlango unaachia. Kwa vitasa vingi vya mtindo wa Ulaya upana wake ni milimita 8. Sijasikia jina moja la chuma hiki linalokubalika kila mahali. Wapo wanaokiita pini, wapo wanaosema chuma cha kati, na wengi hunyoosha kidole tu.

Kisha pima. Kipimo kikuu ni umbali wima kutoka katikati ya tundu la chuma hicho hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vitasa vya asili ya Uingereza mara nyingi huwa na milimita 57. Vya milango ya ndani ya mtindo wa Kijerumani 72. Na vipo vya 85. Bamba lenye matundu ya 72 halitakaa juu ya kitasa cha 57 hata ulibembeleze. Hapa ndipo watu wengi hurudi dukani. Ukinunua mikono ya pete za duara unaepuka tatizo hilo, kwa kuwa mkono na tundu la ufunguo kila kimoja kina pete yake, hazijuani. Ubaya wake ni kwamba pete ndogo huacha wazi alama na matundu yote ya bamba la zamani, na itabidi uyazibe na kupaka rangi.

Matundu ya zamani yaliyolegea huzibwa kwa vijiti vya kibiriti na gundi ya mbao; ikikauka, kata usawa, skrubu itauma upya. Pitisha chuma, chomeka mkono wa kwanza, geuka upande wa pili uchomeke mwingine, bandika mabamba, kaza kwa mkono. Mashine ya kukazia iache kando: ukikaza kupita kiasi, mabamba mawili yanabana mlango katikati na mkono ukishushwa haurudi juu. Kama chuma ni kirefu na kinazuia bamba kugusa mbao, kikate kwa msumeno wa chuma, kidogokidogo. Halafu jaribu mara kadhaa mlango ukiwa bado wazi, kwa mkono na kwa ufunguo, kabla ya kuufunga. Ulimi ukigoma wakati mlango umefungwa na wewe uko ndani, utajifunza maana halisi ya neno kitasa.

Rudi usome tena maelezo hayo ya kazi, sasa ukihesabu vitenzi: fungua, chomoa, legeza, chopoa, bandua, ziba, pitisha, chomeka, bandika, kaza. Hakuna hata kimoja kilichokopwa, hakuna hata kimoja kilichohitaji kamati. Na vingi vinakwenda kwa jozi, cha kutia na cha kutoa: funga na fungua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, chopeka na chopoa, ziba na zibua, funika na funua. Mwisho wa neno unabadilika, na kazi nzima inarudi nyuma. Kwa mtu anayevua kifaa ili avishe kingine, hii ni lugha iliyokaa tayari. Kaza haina mwenzake wa namna hiyo. Kinyume chake ni legeza, neno la ukoo mwingine kabisa. Na komea, kutia komeo, ilikuwa na komoa, kuliondoa. Siku hizi ukisema utakomoa, jirani anadhani una kisasi.

Kwa hiyo umaskini wetu hapa ni wa nomino tu, na Kiswahili kinajua kuzaa nomino kutokana na vitenzi. Ufunguo ulitoka kwenye fungua, komeo kwenye komea, kizibo kwenye ziba, kifuniko kwenye funika. Kikokotoo kilitoka kwenye kokotoa. Kilianza kama mashine ndogo ya hesabu, na leo nchini Tanzania kila mtumishi anayekaribia kustaafu anakitaja, akimaanisha kanuni ya kukokotolea mafao yake. Neno la namna hiyo halihitaji kutetewa. Linganisha na tarakilishi na ngamizi, yaliyoletwa kushindana na kompyuta: yapo, yanafundishwa, lakini mtu akiharibikiwa na chombo chake hapeleki tarakilishi kwa fundi.

Kwa mantiki hiyo kishikio, kutoka shika, kingestahili kushinda mlangoni. Ni neno safi na limeundwa sawasawa. Lakini mimi siliungi mkono kwa kazi hii. Kishikio ni cha kila kitu, kuanzia begi hadi mfuniko wa sufuria, na dukani linahitaji maelezo zaidi kila mara. Mkono wa mlango linasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba kitu kimejitokeza, na kwamba kinatoka ubavuni mwa kingine kikiwa mali yake. Lina wingi mwepesi, mikono, na lina wenzake papohapo: ulimi wa kitasa, uso wa kitasa, shingo ya mkono. Mlango tayari una mwili, umekosa orodha tu ya viungo vyake. Kwa kile cha mviringo kinachozungushwa, mkono haufai. Hicho ni kirungu, na wanaokiita hivyo wasisumbuliwe.

Tofauti kati ya mkono na kirungu si ya sura pekee. Mkono ni wenzo, ile fimbo ya somo la fizikia ambayo kadiri unavyoishika mbali na egemeo ndivyo inavyotaka nguvu kidogo. Bibi mwenye baridi yabisi ya vidole hushusha mkono kwa kiwiko; kirungu kinamtaka akibane na kukizungusha, na hawezi. Mji wa Vancouver nchini Kanada ulibadilisha kanuni zake za ujenzi, na kuanzia 2014 nyumba mpya hazikuruhusiwa tena kuwekwa virungu. Ajabu ni kwamba neno wenzo limebaki darasani, huku wingi wake, nyenzo, ukihamia maofisini, ambako nyenzo za kazi ni kila kitu isipokuwa wenzo.

Neno hilohilo kwa Kiingereza, lever, linatuvuruga mahali pengine. Kwenye boksi utasoma leva mbili, leva tatu, na mnunuzi akadhani anahesabiwa mikono. Sivyo. Leva hizo ni vibamba vyembamba ndani ya kitasa ambavyo lazima ufunguo uviinue kila kimoja hadi kimo chake kamili, si chini si juu, ndipo ulimi wa ufunguo upite. Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya utaratibu huo 1778. Kwa mlango wa chumbani leva mbili zinatosha. Tatu au zaidi ni za mlango wa nje. Hapa kibamba kingefaa kuliko leva, lakini leva imeshachapwa kwenye kila boksi, na sioni faida ya kupigana na boksi.

Neno jingine lisilo kamusini kwetu, na ambalo ningependa mnunuzi wa Pwani alijue, ni zamaki. Mikono mingi ya bei nafuu inayong'aa kama fedha imetengenezwa kwa mchanganyiko huu wa zinki, alumini, magnesi na shaba. Jina lenyewe limeundwa kwa herufi za mwanzo za madini hayo kwa Kijerumani. Juu yake hupakwa krome. Muuzaji atakuambia ni chuma. Chukua sumaku ndogo: isiponasa, si chuma cha kawaida. Zamaki si mbaya kwa nyumba ya Dodoma, lakini karibu na bahari chumvi hupenya kwenye mkwaruzo wa kwanza wa krome na baada ya muda mkono unaota vipele vyeupe. Shaba iliyochanganywa na zinki hubadilika rangi tu, na kusugua kunairudisha. Ina sifa nyingine ambayo mafundi wa zamani hawakuhitaji maabara kuifaidi: bakteria wengi hufa juu ya shaba baada ya saa chache.

Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa kwa sheria mwaka 1967, na miongoni mwa kazi zake ni kusanifu istilahi. Kazi hiyo imefanywa sana kwa ofisi, mahakama na maabara. Ningeomba safari hii wanaotunga kamusi wakae siku chache kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, na wa Gikomba, Nairobi, daftari mkononi, bila orodha ya Kiingereza mezani, waandike kile kinachosemwa mtu anapopitisha kifaa kwa mwenzake. Naamini wataondoka na ulimi, bamba, kirungu na mkono, na huenda wakapata mengine mazuri zaidi ambayo sijayasikia. Wayaingize katika chapa ijayo yakiwa na mchoro wa mlango pembeni.

Na wewe msomaji wa Tanga, Kisumu, Bujumbura au Muscat, kama kwenu kile chuma cha pembe nne kina jina, usikae nalo. Litaje dukani, litaje mbele ya wanafunzi wako, uwaandikie wahariri wa kamusi.